Ng4ombe

Wateja wangu hapa Rubaya walikuwa wananiheshimu kwa mambo mawili. La kwanza, naandika barua ya Kifaransa bila kusahau hata kijimkia kimoja cha juu ya herufi. La pili, sikuwahi kuharibu ndoa ya mtu. Hilo la pili lilidumu hadi Oktoba 2025.

Nina sekretaria. Msomaji wa mbali asidhani ni ofisi yenye zulia: ni kibanda cha mbao chenye paa la bati, nyuma kidogo ya soko, ambako mtu huja na karatasi iliyokunjwa mara nane na kuondoka na nakala yake iliyonyooka. Napiga fotokopi. Naandika barua za kuomba kazi, programu za harusi, matangazo ya matanga, hati za mbuzi waliouzwa na malalamiko ya mbuzi waliopotea. Na kuliko vyote, naandika lista za mahari, kwa sababu katika milima hii ya Masisi mtu anaweza kuuza gunia la koltani kwa kupeana mkono tu, lakini hatatoa ng'ombe bila karatasi.

Kazi yote hii imebebwa na mashini moja. Ni kompyuta ya mezani niliyoinunua Goma mwaka 2011, mtumba kutoka Ubelgiji, na kibodi yake ni ya huko huko, ile inayoanza na A Z E R T Y. Ubavu mmoja hauna kifuniko. Rubaya kuna baridi, na paka wa jirani aligundua kabla yangu kwamba nyuma ya mashini kuna joto. Tangu hapo nikisikia feni inakohoa, najua ni manyoya. Ndani yake mlikuwa na Windows 7 ya Kifaransa, nami nilikuwa naijua kama mtu anavyoijua njia ya choo usiku.

Windows 7 ilitoka tarehe 22 Oktoba 2009, na tarehe 14 Januari 2020 walioitengeneza wakaacha kuitunza. Tangazo la msiba lilikuja lenyewe kwenye kioo, kwa Kifaransa cha heshima, likiwa na kifungo cha kusema "nikumbushe baadaye". Kilikuwepo na kingine cha kusema "usinikumbushe tena", lakini mimi nimelelewa vizuri. Nikabonyeza kile cha "baadaye". Ndivyo tunavyomjibu mtoza ushuru, mchumba asiyetakiwa na mchungaji anayeulizia zaka, na sijaona hata mmoja wao aliyekasirika, kwa sababu hakuna aliyemkatalia.

Uoga wangu una sababu. Mwaka 2016 mdogo wangu alikuwa Goma akimalizia kazi yake ya mwisho wa masomo. Usiku wa kuamkia siku ya kuipeleka, kompyuta yake ya kupakata iliamua kujisasisha. Ikaandika kwamba asiizime. Naye hakuizima, alikaa mbele yake ameshika tama kama mtu anayelinda maiti. Ilipofika asilimia 64, umeme ukakatika mtaa mzima. Batri ya kompyuta ile ilikuwa imekufa zamani. Asubuhi kioo kilikuwa cheusi, na kazi ya kurasa 70 ilikuwa imeondoka bila kuaga. Profesa alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba mwaka jana wanafunzi walisema ni panya.

Huo ndio mwaka ambao dunia nzima ilikuwa inasukumwa kwenda Windows 10. Ilitolewa bure tangu tarehe 29 Julai 2015 kwa muda wa mwaka mmoja, na kuna wakati, Mei 2016, ambapo ukibonyeza ule msalaba mwekundu wa kufunga dirisha la tangazo, ilihesabiwa kwamba umekubali. Mwanamke mmoja wa California, ambaye kompyuta yake ya kazi ilivurugika, alikwenda mahakamani akalipwa dola 10,000. Mdogo wangu aliposikia aliuliza mahakama hiyo inafungua saa ngapi.

Kwa hiyo mtu asinicheke peke yangu. Mwaka 2014, Windows XP ilipofikisha mwisho wake tarehe 8 Aprili, serikali ya Uingereza ililipa pauni milioni 5.5 ili iendelee kutunziwa ile ya zamani kwa mwaka mmoja zaidi. Serikali nzima, yenye mfalme wa kike na manowari, ikibonyeza "baadaye". Na mwaka 2024 Ujerumani lilitoka tangazo la kazi ya reli likitafuta mtu anayeijua Windows 3.11, mfumo wa miaka ya tisini mwanzoni. Nilifikiria kuomba. Ningewaambia nina uzoefu wa kutosha na paka.

Kwa Kiswahili bora kitu kama Windows kinaitwa mfumo endeshi. Sipendi kulitumia jina hilo mbele ya wateja. Hapa kwetu ukisema "mfumo mpya unakuja", watu wazima wanaficha mbuzi kwanza, ndipo wanauliza. Aprili 2024 mji huu ulibadilishiwa wakubwa, na hakuna aliyetuonyesha kifungo cha "kubali" wala cha "baadaye". Mimi nilifungua kibanda siku watu walipoanza tena kutoka nje, nikaiwasha mashini, nayo ikaniimbia wimbo wake ule ule wa kuamka. Sikuwahi kuupenda muziki kama siku ile.

Adui yangu mkubwa katika jambo hili ni mteja wangu mkubwa. Ni negosia wa koltani, mzee wa heshima, anayekuja kila juma kupiga fotokopi za karatasi zake. Siku moja aliiegemea meza yangu akaikagua mashini kama anayekagua ng'ombe sokoni.

"Hii iko na miaka ngapi?"

"Mimi ninayo miaka kumi na nne, papa."

"Na hujanunua ingine?"

"Inafanya kazi."

Akashika kichwa. "Njo watu kama wewe munaotuua!"

Akanieleza, na mwenye haki ya kunieleza ni yeye. Ndani ya kila simu na kila kompyuta mna vidude vidogo kama punje za ulezi vinavyoshika umeme na kuutoa sawasawa, na baadhi yake hutengenezwa kwa tantali. Tantali hutoka kwenye koltani. Na koltani hutoka pale, akanyosha kidole nje, kuelekea Bibatama na vilima vingine vilivyochunwa ngozi. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia hutoka Rubaya. Basi mtu anapokaa na mashini moja miaka kumi na nne, na tena mtu mwenyewe ni mtoto wa Rubaya, huyo anakata tawi alilokalia baba yake. "Watu milioni moja wakifanya kama wewe," akasema, "sisi tunarudia viazi."

Nilimkumbusha kwamba tulishawahi kurudia viazi. Mwaka 2000 bei ya tantali iliruka kutoka kama dola 30 au 40 kwa ratili hadi kupita 300, watu wakaacha mashamba, walimu wakaacha chaki; mwaka uliofuata ikaporomoka. Yeye ana maelezo yake: mwaka 2001 ilitoka Windows XP, ikawa nzuri mno, watu wakakaa nayo, wakaacha kununua. Nilimwambia XP ilitoka tarehe 25 Oktoba 2001, bei ikiwa imeshaanguka zamani. Akaniambia nisimletee mambo ya kalenda.

Lakini faraja yake alikuwa ameshaipata mwaka 2021, nilipomsomea habari kwamba Windows 11 inakataa kukaa ndani ya kompyuta za zamani: inataka kichipu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, inataka prosesa za miaka ya karibuni, na kompyuta ambayo haina, hata kama ni nzima na inang'aa, ibaki nje. Mzee alipiga makofi. "Hao ni watu wa Mungu," akasema. Wakati huo simu yake iliita. Akaitoa mfukoni: kasimu kadogo ka tochi, kamefungwa kwa raba, namba 5 na 8 zimefutika kabisa.

"Na hiyo, papa?"

"Hii inashika moto juma nzima," akanijibu, akatoka nje kuzungumza.

Kuna mambo ya machimbo ambayo siyafanyii utani. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi mji mzima unahesabu watoto wake, na mara nyingine hesabu haitimii. Lakini juu ya jina lile la tantali nitasema neno. Msweden Ekeberg aliyeyagundua madini hayo mwaka 1802 aliyapa jina la Tantalo, yule wa hadithi za Wagiriki aliyehukumiwa kusimama ndani ya maji na asiweze kunywa. Ekeberg hakufika Masisi, lakini nikiwa kibandani, kwenye mji unaozalisha moyo wa kompyuta za dunia, nikimpuliza paka atoke kwenye kompyuta ya mitumba ya mwaka 2011, naona jina alilipata sawasawa.

Kilichonishinda mwishowe ni WhatsApp. Watu siku hizi hawaleti karatasi; wanakutumia faili kwenye simu, wanataka waikute imechapwa. Chrome ilikuwa imeacha kuihudumia Windows 7 tangu mwanzoni mwa 2023, na mimi niliendelea kuvumilia kwa waya, kwa flashi, kwa kuandika upya huku nasoma kwenye simu ya mteja ambaye naye ana haraka ya kupigiwa na mke wake. Kufikia Oktoba 2025 kila faili ya tatu ilikuwa inaniambia kwamba haijulikani. Nikaamua.

Niliifunga mashini kwa blanketi, nikaikalisha katikati yangu na dereva wa moto, yaani pikipiki, tukaikaza kwa kauchu. Kutoka Rubaya kwenda Mushaki, kushuka Sake, hadi Goma, nilieleza kwenye kila kizuizi kwamba si mgonjwa. Kizuizi kimoja waliifunua uso kwanza.

Fundi niliyempata mtaa wa Birere alikuwa kijana mwenye mikono myepesi. Aliifungua, akapuliza, akatoa nywele za paka akaziweka mezani bila kuuliza.

"Yaya, nikuwekee 10 ao 11?"

"Kipi ni bora?"

"11 itaikataa."

Basi 10. Akaniambia ataniwekea ya Kiingereza, kwa sababu ya Kifaransa imeisha. Aliyasema hayo kama mwenye duka anayesema mkate umeisha, nami nikakubali vile vile kama mtu anayekubali mandazi. Hapo ndipo kosa langu lilipolala. Sikuuliza habari ya kibodi. Nilimwomba jambo moja tu, anirudishie diski yangu ya zamani, naye akanipa ndani ya mfuko wa sukari.

Hiyo ilikuwa tarehe 10 Oktoba. Tarehe 14, mtoto wa dada yangu anayesoma Goma alinitumia ujumbe: Windows 10 nayo imefikia mwisho wa kutunzwa, leo. Nilikuwa nimembeba marehemu kutoka Rubaya hadi Goma ili nimbadilishe na mahututi. Atakayetaka kuongezewa mwaka mmoja, watu walisema, anaweza kulipa dola 30. Negosia alipopata habari hiyo alisema anaujua utaratibu huo: ndivyo mochwari inavyofanya.

Aliyefurahia Windows 10 alikuwa paka. Mashini ilifanya kazi kwa shida kubwa hata joto likaongezeka maradufu, naye akaleta mwenzake.

Sasa mambo ya mahari. Alikuja shangazi wa binti mmoja, saa kumi jioni, na karatasi mbili za mkono: barua kwa familia ya kijana, na lista. Kikao kilikuwa kesho yake asubuhi. Wingu jeusi lilikuwa limeshakaa juu ya kilima, na batri ya sola ilikuwa inalia. Mimi huandika kama mpiga kinanda wa kanisa, macho kwenye karatasi, vidole vinajua njia. Nikashuka mistari kumi bila kuinua kichwa. Nilipoinua, kioo kilikuwa kimeandika:

Kzq zqwee zetu zqpendzqm :ungu qzqbqriki<

Shangazi akachungulia. "Hiyo ni ya wapi?"

Yaliyotokea ni rahisi kueleza, ukishakunywa chai. Kibodi yangu ni ya Kibelgiji. Mfumo mpya ulidhani ni ya Kimarekani, ile ya Q W E R T Y. Nikigusa a, wenyewe unasikia q. Nikigusa w, unasikia z, na z ni w. M imehamia kwenye nukta-mkato, na mkato umekuwa m. Ningekuwa na muda ningefuta nianze upya. Lakini batri ililia mara ya pili, na mimi ni mtu ninayejua amri ya "badilisha zote".

Nikaiamuru: kila q iwe a. Kiswahili hakina q, Mungu asifiwe, kwa hiyo hilo lilikwenda vizuri. Kila m iwe mkato, ndipo kila nukta-mkato iwe m, nukta pacha iwe M kubwa, na ile pembe ya mwisho wa sentensi iwe nukta. Vizuri. Kila w iwe z. Halafu kila z iwe w.

Msomaji mwepesi ameshaona. Mimi sikuona. Ukishazigeuza w zote kuwa z, halafu z zote kuwa w, hakuna tena z duniani. Niliona "wawee" kwenye mstari wa kwanza nikalisahihisha kwa mkono, nikajipongeza, nikachapa kurasa zote mbili kwa pumzi ya mwisho ya batri. Shangazi akazitia ndani ya mfuko wa plastiki bila kuzisoma, kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza, akaondoka mbio.

Yaliyofuata nilisimuliwa na kijana aliyetumwa kunifuata. Msemaji wa upande wa mume, mtu mwenye sauti ya kanisani, alisimama akaifungua barua. Nilikuwa nimeandika "Sisi wazazi tuko tayari kuoza binti yetu". Ningeandika "kuolesha", kama wanavyosema watu wote wa hapa, yasingenipata. Lakini mimi napenda Kiswahili bora. Msemaji akasoma kwa sauti kubwa: "Sisi wawawi tuko tayari kuowa binti yetu."

Hakuna aliyepumua. Baba wa binti aliangalia chini. Mzee mmoja wa upande wa mume akauliza taratibu kama wameelewa vizuri kwamba familia imeamua kumuoa binti yake yenyewe, na kama ni hivyo, wao wameitiwa nini.

Wakaona waende kwenye lista, maana namba hazina ujanja. Lakini namba za kibodi ya Kibelgiji hupatikana kwa kushika kifungo cha herufi kubwa, na ule mfumo wa Kimarekani, ukishika kifungo hicho, unakupa alama. Lista ilisomeka hivi: "Ng4ombe *. Mbuwi @. Vitenge ^ vya mama. Koti ! la baba. Mabido % ya kasiksi."

Kwenye koti walicheka kwanza. Ilionekana kama baba mwenyewe ndiye anayepiga kelele. Kwenye kasiksi, ile pombe ya ndizi, alisimama mwalimu wa hesabu, akataka kujua ni asilimia ngapi, na ya mabido yapi. Kwenye ng'ombe hakucheka mtu. Upande wa mume walisema maandishi yako wazi: iko ng, iko 4, iko ombe. Ng'ombe wanne. Hiyo nyota ni pambo. Upande wa mke walisema hakuna nne hapo, walikubaliana nyumbani juu ya nane, nane ndiyo hiyo nyota, aitwe mwenye mashini.

Nilikwenda na kibodi kwapani, kama shahidi anayekwenda na panga lenyewe. Nilidhani nitawaonyesha wataelewa. Nikaweka kibodi juu ya kigoda, katikati ya wazee. Nikaanza na mbuzi: tazameni, kifungo cha 2 kina @ kando yake, basi mbuzi ni wawili. Vichwa vikatikisika. Mbuzi wakapita. Nikapata moyo.

"Na nyota iko wapi?" akauliza mzee wa upande wa mume, akivaa miwani.

Nikaitafuta. Kwenye kibodi ya Ubelgiji nyota haikai na 8. Inakaa kifungo kimoja na alama ya dola.

"Aah," akasema mzee. "Basi wanataka ng'ombe kwa dola."

Nikasema hapana, kwenye kibodi ya Marekani nyota iko juu ya 8. Akaniuliza kama hii ni ya Marekani. Nikasema si ya Marekani, ila mashini inafikiri ni ya Marekani. Wazee wakatazamana. Nilisikia mmoja akimuuliza mwenzake kwa Kinyarwanda kama nimekula asubuhi.

Mzee akaendelea kushusha kidole kwenye mstari wa namba. Akafika 8. Pale kwenye 8, Wabelgiji wameweka alama ya mshangao.

"Hii njo ile ya koti?"

"Ndiyo, papa, lakini..."

"Koti ! la baba. Iko juu ya 8." Akavua miwani. "Baba wa binti anataka makoti nane. Kwa mwili gani?"

Niliokolewa na 4. Nilimwonyesha kwamba kwenye kifungo cha 4 ndipo kinakaa kile kijimkia cha ng'ombe, na kwamba 4 ile haikuwa namba, ilikuwa kijimkia kilichokosewa. Akakitazama kwa muda mrefu sana. "Kwa hiyo," akasema, "4 ni mkia, nyota ni dola, na koti ni nane. Na wewe watu wanakulipa?"

Walifunga kikao kwa namna ya wazee: waliosema nne na waliosema nane wakakutana kwenye sita. Harusi ipo. Binti na kijana wenyewe hawana neno nami. Wananisalimia vizuri, hata nadhani wananipenda. Baba wa kijana alinitumia bido la kasiksi, asilimia mia. Baba wa binti akipita mbele ya kibanda changu anapunguza mwendo, anatazama ndani, anainua vidole viwili, anaendelea na njia yake. Ni ng'ombe wake wawili anaowahesabu kwangu.

Mtoto wa dada yangu aliposikia alipanda moto siku hiyo hiyo na flashi mfukoni. Alikuwa na dawa: Ubuntu. Mfumo wa bure kabisa, ulioanza mwaka 2004, wenye Kifaransa ndani, na kibodi ya Ubelgiji unaichagua mwenyewe. Akaniambia mwaka ule ule wa 2004, Dar es Salaam, watu wa mradi wa Kilinux walitoa hata Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, kwa hiyo nisidhani mambo haya ni ya wazungu tu. Nikafurahi. Akaniwekea. Kioo kikawaka kwa rangi nzuri, na katikati yake neno moja kubwa: ubuntu.

Kioo changu kinawatazama wateja. Na nusu ya wateja wangu husema Kinyarwanda, ambamo ubuntu ni ukarimu, na kupewa kitu ku buntu ni kupewa bure.

Mama wa kwanza alisoma, akanitazama, akasoma tena. "Ku buntu?"

Mimi nilidhani anasoma jina. Nikasema ndiyo. Akapiga fotokopi kumi na mbili za kitambulisho, akanibariki mimi na watoto wangu, akaenda. Alipofika sokoni akatangaza. Saa sita mstari ulikuwa umefika kwa muuza sombe. Kulikuwa na mtu aliyeleta Agano Jipya lote. Nilipojaribu kueleza kwamba bure ni mfumo, si karatasi, mmoja aliniuliza kwa upole kwa nini basi nimeliandika pale mbele ya watu. Nikakifunika kioo kwa kitenge cha mke wangu, nikafunga kibanda kwa sababu ya msiba. Msiba wa nani, sikusema.

Jioni tuliitoa ile diski kwenye mfuko wa sukari, tukaifunga kwa skrubu mbili kati ya nne. Windows 7 iliamka kwa wimbo wake. Sijidanganyi: mfumo usiotunzwa ni nyumba isiyo na mlango, na flashi za wateja wangu zimebeba virusi kuliko soko la Jumamosi. Mwaka 2017, mwezi wa tano, kirusi cha WannaCry kilipoangusha hata hospitali za Uingereza, watengenezaji walilazimika kuishonea kiraka Windows XP iliyokuwa imeshazikwa miaka mitatu. Mimi nimeing'oa mashini kwenye intaneti, WhatsApp nimeiachia simu, na flashi za wateja nazikagua kwanza kwenye kompyuta nyingine niliyoazimwa. Paka wa pili amerudi kwao, joto halimtoshi.

Juzi negosia alikuja kuandikiwa barua. Aliona kioo, akatikisa kichwa, hakusema kitu. Nikaandika, nikasoma mara mbili, nikahesabu z zote. Akanipa noti ya dola 5.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa Kivu halihitaji kuelezwa. Faranga zetu, hata zikichakaa kama sombe iliyopondwa, hupokelewa na kushukuriwa. Lakini dola ni bibi harusi. Iwe na mpasuko wa ukubwa wa mguu wa sisimizi, iwe na alama ya kalamu, iwe ya toleo la zamani, hakuna atakayeigusa, na yeye mzee ndiye aliyetufundisha. Huzisoma noti kama daktari anavyosoma picha ya mapafu. Kwa hiyo na mimi niliinua ile 5 kwenye mwanga wa mlango.

"Papa, hii ni ya 2006."

"Ni nzima."

"Ni nzima, lakini ni ya zamani. Nikienda nayo sokoni hawataichukua."

Akainama juu ya meza, akaiangalia mashini, akaangalia ule ubavu usio na kifuniko na mkia uliokuwa unaning'inia pale.

"Na hii ni ya mwaka gani?"

Nikamwambia asijisumbue na malipo kwa leo. Atanilipa baadaye.